Hapana basi

Mwezi wa sita, baridi ya Uyole imetukamata shingoni, mama alinitumia ujumbe kutoka Tukuyu: aniongezee mkungu mwingine wa ndizi? Nilikuwa nasahihisha madaftari, nikajibu haraka haraka, "Hapana basi". Akapiga simu. "Mabasi yamejaa tele hapa stendi, mwanangu, nani kakwambia hayapo?" Jioni nikashushiwa mikungu miwili. Na mimi ndiye mwalimu wa alama za uandishi, darasa la tano!

Siku hizi sianzi na ubao. Zamani niliorodhesha nukta, mkato, kiulizo, alama ya mshangao, kila moja na matumizi yake, nao wakanakili kwa mwandiko mzuri kabisa. Ukija kwenye insha, ukurasa mzima hauna nukta. Mtoto mmoja alizitia mwisho wa kila mstari, pale karatasi inapoishia. Kumuuliza, akasema, "Mwalimu, si ulisema inakaa mwishoni?" Nilisema kweli.

Kwangu mimi alama hizi hufundishwa kwa sikio kwanza. Kiswahili hakipangui maneno ili kuuliza. "Amefika" ni taarifa, ni swali, ni mshangao. Kinachotofautisha ni sauti, na kwenye karatasi sauti yote hiyo imebebwa na kialama kimoja. Basi nawaandikia "Mama Neema amefika", wasome. Nani kafika? Sasa tueni kidogo baada ya "Mama". Nani kafika, na nani anaambiwa? Hapo wanabishana hadi darasa la jirani linachungulia, na mkato unajileta wenyewe.

Kisha wanabadilishana insha. Sheria ni moja: pasipo nukta, hupumui. Kijana mmoja alifika mstari wa tano macho yamemtoka, wenzake wakaangua kicheko, mwenye daftari akaomba kalamu.

Wenzangu wanalalamika kwamba nachelewesha mada, wiki nzima nukta tu. Ni kweli. Nukta mkato (;) sizigombanii, watazikuta mbele. Ritifaa, kile kialama cha juu (') kwenye ng', ndiyo siiachii, ingawa ni suala la tahajia zaidi: watoto wanaochunga ng'ombe kila Jumamosi hawawezi kuniandikia "ngombe".

Mama sasa namwandikia na mkato wake. Juzi akanijibu, "Sawa umekula". Mpaka leo sijui kama aliuliza.