Tuanzie Kwenye Sufuria ya Maharagwe

Kila ikikaribia Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, mji huu hujaa wito. Tunza mazingira. Badili tabia. Okoa dunia kwa ajili ya watoto. Miti inapandwa, hotuba zinatolewa, na kwa kuwa makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa yako hapa hapa Gigiri, Nairobi husikia wito huo kuliko miji mingi. Tarehe 6 mama wa Kayole anabandika maharagwe saa kumi alasiri, na saa moja na nusu usiku bado anaongeza maji na makaa. Katika maneno yote ya jana yake, hakuna hata moja lililogusa sufuria ile. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu hapo ndipo miti yetu inapoteketea.

Makaa mengi tunayonunua kwa mkebe huchomwa kwenye matanuri ya udongo ya kienyeji, na tanuri la namna hiyo hutoa kilo moja ya makaa kwa kilo tano hadi kumi za kuni. Kwa hiyo kila mkebe unaookolewa jikoni ni mzigo mzima wa kuni uliobaki msituni. Mpishi haambiwi hivyo. Anaambiwa apende mazingira.

Mwambieni hili kwanza: Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Maji ya huku huchemka yakifika kama nyuzi 94 au 95, si 100 kama Mombasa. Ndiyo maana aliyehamia huku kutoka Pwani huona maharagwe yamekuwa sugu. Na maji yakishatokota, joto lake limefika mwisho. Fungua gesi mpaka ndimi za moto zipande ubavuni mwa sufuria, maharagwe hayataiva mapema hata kwa dakika moja. Kinachozidi ni mvuke tu, na mvuke ni ghali: lita moja ya maji inayopotea hewani imekula moto zaidi ya mara sita ya ule uliohitajika kuyachemsha maji hayo kutoka bombani. Funika. Yakitokota, punguza moto hadi yawe yanachezacheza tu. Hapo hujanunua chochote na mtungi wa kilo 6 tayari umeongezewa siku.

Kisha kuloweka. Kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji mara tatu ya maharagwe, umwage maji hayo asubuhi. Muda wa kupika hupungua kwa theluthi moja hadi nusu. Ukisahau usiku, yachemshe dakika 5, funika, zima moto, yaache saa moja, mwaga maji, anza upya. Yasizidi siku nzima kwenye maji, yataanza kuchacha. Wengi hulalamika kwamba waliloweka na bado hayakuiva, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili. Ama maharagwe ni ya zamani, yamekaa ghalani kwenye joto na unyevu mpaka yakagoma kabisa (maharagwe aina ya nyayo ya msimu huu na ya miaka miwili iliyopita zinaweza kufanana machoni), ama nyanya zilitiwa mapema. Asidi ya nyanya au ndimu hukaza ganda. Nyanya ziingie maharagwe yakiwa yameshalainika. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huharibu vitamini B1, na kwa familia inayotegemea githeri, yaani mahindi na maharagwe, siku nyingi za wiki hiyo ni hasara kubwa.

Kama kuna kifaa kimoja ambacho ningependa kila nyumba ya mji huu iwe nacho, ni sufuria ya presha. Kwa sababu ya mwinuko wetu, sisi tunaihitaji kuliko watu wa Pwani: ndani yake joto hupita nyuzi 110, na maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa nusu saa au pungufu. Ile ya umeme hupika chungu kizima kwa chini ya uniti moja ya tokeni, na sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, mito, upepo na jua. Lakini waelezeni watu inavyoharibika, maana nyingi huishia juu ya kabati. Mpira wa kifuniko hukauka na kupasuka. Ukivuja, presha haipandi na mtu anadhani sufuria imekufa. Maharagwe hutoa povu linaloziba tundu la mvuke, kwa hiyo usipitishe nusu ya sufuria: kwa ile ya lita 6, nusu kilo ya maharagwe makavu inatosha. Na kifuniko hakifunguliwi kwa nguvu kabla presha haijashuka.

Asiyeweza kuinunua ana kikapu. Kiondo kikubwa, blanketi kuukuu au vipande vya sponji unene wa kiganja kila upande, na mto wa kufunika juu. Maharagwe yaliyolowekwa yatokote kwa nguvu dakika 30, kisha sufuria na kifuniko chake ziingie humo, saa 4 bila kufunuliwa. Zile dakika 30 usizipunguze. Maharagwe mekundu yana sumu inayokufa kwa kuchemka kwelikweli, na joto la wastani haliiondoi. Sufuria iwe karibu kujaa, kwani chakula kidogo hupoa upesi, na uyachemshe tena kabla ya kula.

Najua nitajibiwa kwamba sheria ndiyo hubadili watu, na mfano ni mifuko ya plastiki: marufuku ya Agosti 28, 2017, faini ya hadi shilingi milioni 4, na ile mifuko myepesi ya dukani ikatoweka. Sawa, nakubali. Bei nayo hubadili watu: kodi ya asilimia 16 iliporudishwa kwenye gesi Julai 2021, makaa yalionekana nafuu tena. Lakini hakuna askari atakayeingia jikoni kuangalia kama sufuria imefunikwa.

Kwa hiyo wenye bajeti ya mabango ya mwaka ujao, naomba haya. Wauza nafaka waandike msimu wa mavuno juu ya gunia. Mpira wa sufuria ya presha upatikane kwenye duka la mtaani, si katikati ya mji pekee. Na akina mama wanaochemsha githeri ya kuuza kando ya barabara, wanaopikia mtaa mzima kwa moto mmoja, wakopeshwe sufuria kubwa za presha kabla ya mtu mwingine yeyote.