Saini zetu ziliishia kwenye mhuri

Kabla ya masika ya mwaka jana tulipitisha kaunta buku nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Tulipiga mistari kwa rula: jina, namba ya nyumba, saini. Dai lilikuwa moja tu, mtaro ulioziba uzibuliwe kabla maji hayajaingia sebuleni (na ndiyo, taka nyingine mle ni zetu wenyewe). Mama wa vitumbua pale kona hakushika kalamu mpaka aulize.

"Mwanangu, hii ni ya chama gani?"

"Ya mtaro, mama."

Akafuta mkono kwenye khanga, akasaini. Hata kwenye kopi niliyobaki nayo, doa lake la mafuta linaonekana.

Simlaumu kwa kuuliza. Dar ukitaja kura za maoni, watu wanawaza wagombea wanavyochujana ndani ya chama. Ile ya wananchi wote kuamua jambo hawajaizoea: ya Katiba Inayopendekezwa, iliyopangwa tarehe 30 Aprili 2015, iliahirishwa na hadi leo haijapigwa. Wazanzibari ndio wanaoijua kura ya namna hiyo: tarehe 31 Julai 2010 waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na takribani theluthi mbili wakakubali.

Barua yetu yenye saini hizo ilipokelewa ofisini, ikagongwa mhuri. Tukashangilia mhuri utadhani mtaro umeshazibuliwa. Wiki mbili baadaye tukaambiwa mhusika yuko kikaoni. Mwezi ukapita, faili likawa "limepanda juu". Mvua haikusubiri lishuke. Jirani yangu alilaza watoto juu ya meza siku mbili.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema tungekusanya saini nyingi zaidi. Uswisi, saini 50,000 zikipatikana ndani ya siku 100 tangu sheria ichapishwe, sheria hiyo inakwenda kwa wapiga kura, wakubwa wapende wasipende. California, jimbo la Marekani, mwaka 2003, saini zilileta kura iliyomng'oa Gavana Gray Davis madarakani. Kule saini ni deni lenye tarehe ya kulipwa. Huku kwetu ni salamu.

Najua mfumo ule una uchafu wake. California wapo wanaolipwa kukusanya saini, kwa hiyo mwenye fedha anaanza mbio akiwa mbele. Wala sitaki nchi nzima ipige kura kwa ajili ya mtaro. Nataka kitu kidogo: sheria iseme kwamba ombi la wakazi likishagongwa mhuri, ofisi ijibu kwa maandishi ndani ya siku 30, na jibu lisomwe kwenye mkutano wa mtaa mbele yetu. "Hatuna fedha" nalo ni jibu. Tukishalisikia, tutajua tuchange wenyewe au tumbane nani wakati wa kuomba kura.

Juzi mama wa vitumbua kaniuliza ile barua yetu walijibuje. Nikanunua vitumbua vitatu, nikaondoka.