Kabla ya Kumpaka Simbilisi Dawa, Mtazame Anapojikuna

Simbilisi akianza kunyonyoka manyoya, wengi wetu tunaowafuga nyumbani tunakimbilia chupa kabla hatujamweka mnyama mapajani tukamtazama kwa makini. Mmoja atampaka mafuta, mwingine atachukua krimu ya fangasi aliyobakiza mwenyewe, na wa tatu ataulizia ivermectini ya ng'ombe, dawa ya kuua wadudu wa ngozini na minyoo, kwa kuwa amesikia kwamba inatibu kila kitu. Nasema "wengi wetu" kwa sababu nami nimo, na aliyelipia haraka yangu ni jike mmoja wa rangi ya kahawia na nyeupe, simbilisi wangu wa kwanza.

Alitokwa na kipara chenye magamba begani, kikubwa kama kucha ya kidole gumba. Niliamua mwenyewe kwamba ni mapunye, nikampaka krimu asubuhi na jioni kwa siku 12, na kila magamba yalipolainika kwa mafuta ya krimu nikadhani anapona. Katika siku hizo zote sikujiuliza kwa nini anajikuna hata usiku, wala kwa nini kila anapojikuna anatoa kilio chembamba ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Siku ya 13 nilimpitishia kiganja mgongoni, akaanguka ubavu, akakaza miguu na kutetemeka kama mwenye kifafa. Daktari wa mifugo alipofunua manyoya alinionyesha ngozi iliyokuwa nene, ya manjano, yenye magaga yaliyofika hadi mapajani kwa ndani. Ule haukuwa mapunye wala kifafa. Ulikuwa upele.

Maoni yangu tangu siku hiyo ni kwamba ngozi ya simbilisi haitaki dawa kwanza. Inataka maswali mawili: je, anajikuna, na kipara kimeanzia wapi? Majibu ya maswali haya hayamwondolei daktari kazi yake, lakini yanamzuia mfugaji kutibu ugonjwa usiokuwapo huku ule uliopo ukiendelea kutambaa.

Tuanze na anayejikuna, maana huyo ndiye anayeteseka zaidi. Upele wa simbilisi huletwa na utitiri uitwao Trixacarus caviae, mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho matupu, ambaye jike lake huchimba mashimo ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Mara nyingi huanzia mabegani, shingoni, mgongoni na mapajani kwa ndani. Muwasho wake ni mkali kiasi kwamba mnyama hujichana mpaka damu, na kumgusa tu kunaweza kumletea degedege kama nililoliona. Mwenye mimba anaweza kuharibu mimba, na asiyetibiwa anaweza kufa. Simbilisi anaweza pia kuishi na wadudu hawa kwa muda mrefu bila kuonyesha dalili, kisha wakaongezeka ghafla anapozeeka, anaposhika mimba au anapopata msukosuko kama vile kuhamishwa. Ndiyo maana mtu huapa kwamba mnyama wake hajakutana na mwenzake yeyote kwa miezi kadhaa, na bado akawa na upele. Anayemshika anaweza naye kupata vipele vinavyowasha mikononi, ambavyo kwa kawaida huisha mnyama akishatibiwa, kwa sababu mdudu huyu hastawi juu ya binadamu.

Daktari atakwangua ngozi na kuangalia kwa hadubini, lakini wadudu waliojichimbia wanaweza kukosekana kwenye kile kilichokwanguliwa. Kutowaona hakumaanishi kwamba hawapo, na mimi namwamini zaidi daktari anayeanza tiba kwa kufuata dalili kuliko yule anayenirudisha nyumbani kwa sababu tu kioo chake hakikuonyesha kitu. Tiba inayotumika sana ni ivermectini au selamectini. Ivermectini hairudiwi kwa mazoea tu. Hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 14, kwa kawaida mara tatu, kwa sababu haiui mayai, na dozi ya pili ndiyo inayowakuta wale walioanguliwa baada ya ile ya kwanza. Anayeacha baada ya dozi moja kwa kuwa muwasho umepungua amewapunguza wadudu, hajawamaliza. Vilevile hatibiwi mgonjwa peke yake: kila simbilisi aliyelala naye hutibiwa, na kizimba huoshwa na matandiko yote kubadilishwa.

Hapa nitasimama kidogo kwenye hesabu, kwa sababu ndiyo inayonifanya nipinge habari ya kumchoma mnyama sindano nyumbani. Ivermectini ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita. Simbilisi wa kilo 1 akipimiwa miligramu 0.4, anahitaji mililita 0.04. Chukua bomba la sindano la mililita 1, lile jembamba lenye mistari midogo, uhesabu: ni mistari minne tu kutoka kwenye sifuri, kiasi kinachoonekana kama unyevu uliosalia kwenye ncha. Mtu akichanganya miligramu na mililita, akavuta hadi kwenye alama ya 0.4, amempa mnyama mara kumi ya kipimo chake. Na simbilisi wengi hawafiki hata kilo 1. Asiye na mizani inayopima gramu hana sababu ya kushika dawa hiyo.

Chawa nao huwasha, ila ni wepesi kuwatambua na kuwatibu kuliko utitiri. Ukifunua manyoya nyuma ya masikio au kiunoni chini ya mwanga mzuri, utaona vidudu vyembamba vya rangi ya maziwa vikikimbia, na mayai yaliyogandishwa kwenye nywele. Chawa hao hawahamii kwa binadamu, hivyo hakuna haja ya kumnyoa mtoto aliyembeba mnyama. Kuna pia utitiri wa manyoya, Chirodiscoides caviae, unaong'ang'ania kwenye unywele wenyewe kama vumbi na mara nyingi hausumbui, isipokuwa ukiwa mwingi mno.

Mapunye ndiyo niliyodhani nayatibu, na kama ningejua yanakoanzia nisingedanganyika. Fangasi wa simbilisi hupenda kuanza usoni: puani, kuzunguka macho, kisha masikioni, na baadaye ndipo hushuka mgongoni. Nywele hukatika, ngozi hubaki na magamba makavu, na muwasho huwa mdogo au haupo kabisa. Wachanga hushikwa zaidi, ingawa mkubwa anaweza kubeba fangasi bila kuonyesha alama yoyote. Ile taa ya zambarau ambayo wengine huinunua ili "kupima fangasi" haifai kitu hapa, kwa sababu fangasi anayewashika simbilisi mara nyingi ni wa kundi la Trichophyton, ambaye hang'ai chini yake. Uhakika hutoka kwa kuotesha nywele na magamba maabara, kazi inayoweza kuchukua wiki mbili au tatu. Tiba nayo ni ya wiki nyingi, mara nyingi dawa ya kunywa kama itrakonazoli au terbinafini pamoja na ya kupaka. Kwa ugonjwa huu kinga ni ya familia nzima: unaambukiza binadamu, watoto hasa, na mbegu za fangasi hukaa kwenye nywele zilizodondoka kwa miezi mingi. Glavu, kunawa mikono, na kuosha kizimba kwa bidii si mbwembwe.

Sasa tumgeukie yule ambaye anapoteza manyoya lakini hajikuni hata kidogo, mwenye ngozi safi, laini, isiyo na gamba. Huyu ndiye anayepewa ivermectini bila sababu. Akiwa ni jike aliyevuka mwaka mmoja na nusu au miwili, na manyoya yamepungua mbavuni pande zote mbili kwa namna inayofanana, kama vile mtu amepima kwa rula, fikiria ovari kabla ya kufikiria mdudu. Vifuko vya maji kwenye ovari ni jambo la kawaida mno kwa majike watu wazima, na baadhi yake huvuruga homoni mpaka nywele zikadondoka. Kipimo chake ni kupapasa tumbo na kupiga picha ya ultrasaundi. Tiba ya kudumu ni upasuaji wa kuondoa ovari, ingawa kuna sindano za homoni zinazowasaidia baadhi yao, na kuvuta maji kwa sindano huleta nafuu ya muda. Hakuna krimu inayofika huko. Jike mwenye mimba ya siku za mwisho naye hupungua manyoya mbavuni, na yeye anahitaji lishe na utulivu tu.

Kisa kingine kisicho na muwasho ni cha wanaotafunana manyoya. Hapo nywele hazijang'oka. Zimekatwa, na ukipitisha kidole utahisi vishina vifupi kama nywele zilizopitiwa na mkasi. Ikiwa sehemu iliyokatwa ni kichwani au shingoni, mnyama hakujikata mwenyewe, kwa kuwa meno yake hayafiki huko, mtafute mwenzake. Nafasi kubwa zaidi, maficho mawili badala ya moja, na nyasi kavu zisizokatika mchana na usiku husaidia kuliko dawa yoyote.

Kuna pia lishe, ambayo nadhani ingepaswa kuulizwa katika kila ugonjwa wa ngozi, hata ule ambao mdudu wake ameshaonekana. Simbilisi, kama sisi binadamu, hana uwezo wa kujitengenezea vitamini C mwilini. Akikosa, anapata kiseyeye: manyoya yanakuwa makavu na kusimama ovyo, ngozi inatoa magamba, vidonda haviponi, viungo vinavimba na kuuma mpaka anachechemea au anakataa kutembea. Mzima huhitaji takriban miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na mwenye mimba au mgonjwa huhitaji hadi 30 au zaidi. Sikubaliani na ushauri wa kuchanganya vitamini hiyo kwenye maji ya kunywa. Huharibika haraka ndani ya maji, hasa palipo na mwanga au chuma, na wengine huacha kunywa maji kwa sababu ya ladha, ukabaki na mnyama mwenye matatizo mawili. Kipande cha pilipili hoho kila siku ni cha uhakika zaidi. Na hata chakula cha tembe kilichoongezewa vitamini C hupoteza nguvu kikikaa miezi, kwa hiyo tarehe ya kutengenezwa isomwe na mfuko usinunuliwe mkubwa kuliko walaji.

Nyayo hazizungumzwi sana, lakini huko nako ni ngozini. Anayelala juu ya waya au matandiko yenye mkojo, hasa akiwa mnene, huota wekundu kwenye nyayo, kisha sugu, kisha kidonda kinachoingia mpaka kwenye mfupa. Kikiwa bado wekundu, sakafu laini na kavu hutosha. Kikishafika mfupani, hata daktari hodari hana ahadi ya kukupa.

Namsihi pia anayesoma asitibu yasiyo ugonjwa. Nyuma ya kila sikio la simbilisi pana kipara kidogo alichozaliwa nacho. Juu ya mahali ambapo mkia ungekuwapo pana tezi ya mafuta, ambayo kwa madume hutoa nta nzito yenye harufu. Mimi nilikaa nusu saa nzima nikiisugua kwa pamba nikidhani ni usaha, huku mwenyewe akinung'unika kwa haki kabisa.

Kosa moja nalitenga na mengine kwa sababu ni la kuua. Ngozi iliyochanwa inapoingia vijidudu, mtu hushawishika kutoa antibayotiki iliyobaki kabatini. Penisilini, amoksilini, ampisilini na klindamaisini, zikinyweshwa, huua bakteria wema wa tumbo la simbilisi na kuwaachia nafasi wale wenye sumu, naye anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache, akiwa na kidonda kidogo tu begani. Zipo antibayotiki anazozimudu, na daktari anayewajua wanyama hawa anazifahamu. Akikuandikia amoksilini ya kunywa, tafuta daktari mwingine. Na mafuta yanayosifiwa kuua upele kwa kuuziba pumzi hayamfikii mdudu aliyejichimbia. Humwacha mnyama akinata, naye huyalamba.

Jike wangu wa kahawia alichomwa sindano tatu, na wenzake wawili nao vilevile. Degedege halikurudi baada ya wiki ya kwanza. Manyoya yalichukua karibu miezi miwili. Siku hizi kila Jumapili nawapima kwa mizani ya jikoni, nafunua manyoya kuanzia puani hadi kiunoni, natazama nyayo nne, kisha naandika katika daftari uzito, mahali palipobadilika na kama kuna aliyejikuna nikiwa nimekaa nao. Mwezi uliopita niliandika: "Mdogo, gramu 780, amepungua 40, vumbi jeupe puani, hajikuni." Sikumpaka kitu. Nilimtenga, nikavaa glavu, nikapeleka daftari pamoja na mnyama kwa daktari, naye akaanza kwa kukwanyua nywele chache za puani na kuzipeleka maabara.