Usimpe mtu kitabu cha kumrekebisha Krismasi hii

Desemba ikikaribia watu wananiuliza sana, eti fulani nimpe kitabu gani, na mi huwa nawarudishia swali, huyo fulani kitabu alichosoma mpaka mwisho hivi karibuni ni kipi? Wengi wanakwama hapohapo. Kazi anayofanya wanaijua, namba ya kiatu chake wanaijua, ila anachopenda kusoma hawajui, ndo mtu anaishia kubeba kile kilichopangwa mbele dukani kwa sababu kina kava zuri.

Ila kinachoniuma zaidi ni vitabu vya kurekebishana. Unavijua, namna ya kupunguza uzito, namna ya kuokoa ndoa, namna ya kuacha uvivu, halafu kinafungwa vizuri na utepe mwekundu unakabidhiwa mbele za watu. Mi nilishapewa. Ilikuwa mwaka nilioachishwa kazi, ndugu yangu mmoja akanipa kitabu cha nidhamu ya pesa, na najua kabisa ananipenda na nia yake ilikuwa njema, lakini nilipochana ile karatasi nikaona kichwa cha kitabu nilisikia uso unawaka maana kila aliyekuwa pale sebuleni alikuwa anajua hali yangu. Nikasema asante. Kile kitabu sijakifungua hadi leo.

Sasa siku hiyohiyo shangazi alinipa riwaya ya upelelezi, tena si mpya, alishaisoma mwenyewe na kona za kurasa zimekunjwa, ndani kaandika kwa kalamu, "Ukifika sura ya 9 nipigie." Nilimpigia saa saba usiku na akapokea! Siku tatu nzima sikuwaza habari ya kazi. Yaani yeye aliangalia nilikuwa nahitaji nini wakati ule, na nilichohitaji ni kupumzika kichwa, basi.

Kwa hiyo ukitaka kuchagua, mwangalie mtu anaongelea nini akiwa hana haraka. Anayebishana mpira kutwa nzima mtafutie maisha ya mchezaji anayempenda, atasoma hata kama anajiita si msomaji. Na mwenye vitabu vingi kuliko wewe usibahatishe, muulize kabisa ana hamu na kipi, surprise ikikosekana si hasara. Kama ni hadithi ya mfululizo hakikisha unanunua kitabu cha kwanza, au kile kinachofuata pale alipoishia, maana kumpa mtu cha tatu wakati cha kwanza hana ni kumpa kazi ya kwenda kutafuta viwili vingine. Kamusi na vitabu vya masomo, fungua kurasa za mwanzo uangalie toleo na mwaka wa kuchapwa.

Watoto ndo wanataka umakini kweli. Mtoto wa mwaka mmoja kitabu anakitia mdomoni, mpe kile cha karatasi ngumu kama boksi kisichochanika. Wakubwa kidogo wape vya picha, vingi vina kurasa 32 kwa sababu ya jinsi karatasi kubwa inavyokunjwa kiwandani, na urefu huo unatosha kabisa kumsomea kwa mkupuo mmoja kabla hajalala. Halafu jamani, mtoto wa miaka 9 akitaka vitabu vya katuni mnunulieni katuni. Nasikia wazazi wakisema hicho si kitabu cha kweli, na mi nabisha kila mara, anafuata kisa, anakisia kitakachotokea, anarudia ukurasa ambao hajauelewa, sasa kusoma ni nini kingine?

Na wazee tunawasahau. Unamnunulia mtu wa miaka 70 kitabu kizuri kweli, maandishi madogo kama mchwa, anakishika tu kwa heshima yako. Maandishi ya vitabu vya kawaida huwa kama pointi 10 hadi 12 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi), vile vya maandishi makubwa vinaanzia pointi 16, na tofauti unaiona ukivifungua viwili pamoja. Asiyeona kabisa kuna vya nukta nundu, vinavyosomwa kwa kupapasa na vidole, kuna na vya kusikiliza.

Hili limenigusa mwaka huu kwa sababu shangazi macho yake yameshuka sana. Kuna riwaya moja najua ataipenda, nimeitafuta kwa maandishi makubwa nimekosa, ya kusikiliza nayo hakuna, basi nimeamua kumsomea mwenyewe najirekodi kwenye simu, sura moja kila jioni watu wakishalala. Nimefika sura ya 4. Kuna mahali nilikohoa katikati nikataka kurudia, nikaacha hivyohivyo.