Karatasi ya mama mdogo: protini za saratani ya mlango wa kizazi zina kazi gani Dar?

Mwezi uliopita mama mdogo alikuja kwangu kutoka Mbagala na karatasi ya maabara ameikunja mara nne ndani ya pochi. Alikuwa na furaha. Amepima damu kwenye maabara moja binafsi, akaambiwa hicho ni kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, na majibu yalisoma 0.9, chini ya mpaka wa 1.5 ulioandikwa pembeni. "Mwanangu, mimi mzima," aliniambia. Ana miaka 52, na hajawahi hata siku moja kuchunguzwa mlango wenyewe wa kizazi.

Nafanya kazi maabara, kwa hiyo nilijua kilichopimwa kabla sijamaliza kuifungua. Ni protini iitwayo SCC, ambayo watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1977 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi. Kipimo chenyewe ni cha kweli. Mgonjwa ambaye saratani yake ya seli bapa, aina iliyo ya kawaida zaidi, imeshathibitishwa, na SCC yake ilikuwa juu kabla ya mionzi, daktari anaweza kuifuatilia: ikishuka, tiba inashika, ikianza kupanda tena miezi kadhaa baadaye, ni ishara ya kutafuta kama ugonjwa umerudi, mara nyingine kabla mgonjwa hajasikia maumivu yoyote. Lakini kwa mwanamke asiye na dalili anayetaka kujua kama yuko salama, hakifai. Saratani ikiwa changa, damu ya wanawake wengi husoma kawaida tu. Na yale mabadiliko ya awali, ambayo ndiyo tunayoyatafuta kwa sababu yanatibika kwa siku moja, hayajitokezi kwenye damu. Tena mtu mwenye ugonjwa wa figo au wa ngozi kama soriasisi anaweza kuwa na SCC ya juu bila saratani yoyote. Hata jasho au mate ya anayeshika sampuli yanaweza kuharibu majibu.

Kwa maneno mengine, mjadala wa protini umeingia mjini kinyumenyume. Matumizi dhaifu kuliko yote ndiyo yaliyotangulia kumfikia mama wa Mbagala, na yale yenye nguvu hajayasikia. Hapo ndipo wenzangu wengi wa afya ya jamii wanapokata tamaa na kusema protini zote ni anasa za Ulaya, tubaki na chanjo na kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi. Hoja yao ina uzito, nitaifikia. Lakini kwanza niieleze protini inayonifanya nisikubaliane nao moja kwa moja.

Karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzia kwenye virusi vya HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, hubeba takriban asilimia 70. Kirusi hiki huiharibia seli breki. Protini yake iitwayo E7 huikamata protini ya seli iitwayo Rb, ambayo kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Seli nayo hutengeneza protini nyingine ya kuzuia, p16, kwa wingi usio wa kawaida, lakini haisaidii, kwa kuwa p16 hufanya kazi kwa kupitia hiyohiyo Rb iliyokwisha kutekwa. Ni kama daladala kwenye mteremko wa Kimara: dereva amekanyaga breki mpaka chini, na gari linazidi kwenda. Sasa iko protini ya tatu, Ki-67, inayojitokeza seli inapogawanyika. Katika seli yenye afya hizi mbili hazikai pamoja: ama breki imefungwa, ama seli inagawanyika. Ukizikuta zote ndani ya seli moja, kuna kilichoharibika.

Ukiiona chini ya darubini huisahau. Kioo kimejaa seli za rangi ya samawati iliyofifia, halafu pembeni kunakaa moja ambayo mwili wake ni kahawia na kiini chake ni chekundu. Kahawia ni p16, wekundu ni Ki-67. Seli moja ya namna hiyo inatosha kusema mama huyu aangaliwe zaidi. Hamna kubishana sana kuhusu umbo la kiini, ubishi ambao kwenye vioo vya kawaida huwatenganisha wasomaji wawili wazuri. Marekani iliidhinisha kipimo hiki cha rangi mbili mwaka 2020, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likakiweka kwenye miongozo yake kwa kazi moja mahususi: kuchuja wanawake ambao tayari wamekutwa na HPV.

Mchujo huo una maana kubwa kwetu. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliiwekea Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii na vifo zaidi ya 6,000 kwa mwaka mmoja. Wengi wanaofika Taasisi ya Saratani Ocean Road hufika wamechelewa, ugonjwa umeshatoka nje ya mlango wa kizazi. Kipimo cha HPV ni kizuri kwa kuwakuta mapema, na mashine za GeneXpert tulizozizoea kwa kifua kikuu zinaweza kukifanya. Tatizo ni kwamba HPV ni ya kawaida mno. Kwa wanawake wengi mwili huifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kwa wanaoishi na VVU hung'ang'ania, na hatari yao ya kupata saratani hii ni kama mara sita ya wengine. Ukiwapima HPV peke yake utakuta wengi wanayo, na ukimtibu kila mmoja utawatibu wengi ambao hawakuhitaji. Ndiyo maana kwa wanawake hawa mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unataka mchujo kati ya kipimo na tiba. Swali ni mchujo gani.

Wanaosema siki wana jibu tayari. Muuguzi anapaka siki iliyozimuliwa, anasubiri kama dakika moja, sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Akiiona, na inafaa, anafanya tiba mgando, yaani kuigandisha sehemu hiyo kwa baridi kali, palepale, mama anarudi nyumbani ametibiwa. Hakuna rufaa, hakuna "njoo baada ya wiki mbili". Nimeona kwa macho yangu jinsi "njoo baada ya wiki mbili" inavyopoteza watu: majibu yamekaa kwenye trei, simu haipatikani, mama amehamia Chanika au amekwenda kuuguza Lindi. Kipimo cha p16 na Ki-67 kinaleta hatua hiyo upya. Kinahitaji seli zilizochukuliwa na mtaalamu, kwa hiyo faida ya mama kujichukulia sampuli mwenyewe, ambayo HPV inairuhusu, inapotea. Vitendanishi, yaani kemikali za kipimo, vinataka jokofu lisilokatika umeme. Na lazima awepo mtu aliyefundishwa kusoma vioo, katika nchi ambayo wataalamu wa patholojia ni wachache na tayari wamezidiwa na vinyama, yaani vipande vya tishu vilivyokatwa kwa uchunguzi, vinavyosubiri kusomwa.

Hoja hiyo siiwezi kuipinga kwa zahanati. Pale siki ibaki, na HPV iongezwe haraka iwezekanavyo. Ila siki nayo isipewe sifa isiyo yake. Majibu yake yanategemea jicho la anayeangalia, na mwanamke akishakoma hedhi, eneo ambalo ugonjwa huanzia hurudi ndani ya mfereji, siki isilifikie. Mama mdogo ni mmoja wao.

Kwa hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, ambako kliniki za VVU zina mahudhurio ya kudumu na mama anarudi kuchukua dawa hata hivyo, naona hesabu inabadilika. Hapo wiki mbili hazimpotezi mtu, kwa sababu tarehe yake ya kurudi ipo. Vioo vinaweza kupelekwa sehemu moja ya kusomea badala ya kila hospitali kuwa na yake. Na p16 peke yake, ikipakwa kwenye kinyama chenye utata, inamsaidia mtaalamu kutenganisha mabadiliko ya kweli na tishu iliyosinyaa kwa umri, jambo linaloamua kama mama atakatwa au ataachwa.

Ziko protini nyingine ambazo bado sioni zitusaidie sana. Kijiti cha kupima E6, protini nyingine ya HPV, ya aina ya 16 na 18 kinavutia kwa urahisi wake, lakini kinaziacha aina nyingine, na kwa wanawake wa Afrika aina ya 35 ina nafasi kubwa kuliko kwingineko. PD-L1, protini inayoisaidia saratani kujificha kinga ya mwili, inasaidia kuchagua nani apewe dawa ya pembrolizumab inayoiamsha kinga hiyo, dawa ambayo bei yake haimfikii mgonjwa wa kawaida aliyelala wodini Ocean Road. Kumpima kitu kisichobadilisha tiba yake ni kumwongezea gharama.

Mama mdogo nilimpeleka kliniki wiki iliyofuata. Muuguzi alimwelewesha kwa upole kwamba kwa umri wake siki haitasema kitu cha kuaminika, akachukua sampuli ya HPV. Tunasubiri majibu. Akikutwa nayo, ndipo swali la seli ya kahawia yenye kiini chekundu litakuwa lake. Njiani kurudi aliniuliza kama ile karatasi ya mwanzo aitupe. Nilimwambia aiweke kwenye faili, nyuma ya majibu yatakayokuja.