Akili hisia si kuwa mpole kwa kila mtu

Mfanyabiashara akiambiwa ajifunze akili hisia, wengi huelewa kwamba anatakiwa acheke na kila mtu na aone haya kudai deni lake. Si ajabu wanaipuuza. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer, walioieleza katika makala ya mwaka 1990, walikuwa na maana nyingine: kutambua hisia zako na za mwenzako, kuzitofautisha, kisha kuzitumia katika kufikiri na kutenda.

Chukua mali kauli ya Kariakoo. Mwenye duka la jumla anatoa mzigo kwa neno tu, bila dhamana. Wiki ya pili mteja hapokei simu, na akija mjini anapitia mtaa mwingine. Ni tapeli, au anaona aibu? Ukimfokea mbele za watu, aibu inageuka kiburi na hela yako inakwenda. Ukimwita pembeni, "Kaka, umekwama wapi?", huenda akakuambia sare zimemdodea kwa sababu shule zimefungwa. Mnapanga alipe kidogo kidogo, na mzigo mpya humpi mpaka amalize wa kwanza. Huruma ipo, na msimamo upo.

Wanaoitilia shaka wana hoja. Mwaka 2010 watafiti Dana Joseph na Daniel Newman walijumlisha tafiti nyingi, wakaona akili hisia inasaidia utendaji kwenye kazi za kushughulika na hisia za watu, kama mauzo na huduma. Kwenye kazi nyingine haikuonekana kuwa na faida. Nakubali, basi haifai kutangazwa kama dawa ya kila kitu. Lakini hebu tuhesabu kazi zetu: muuza duka, bodaboda, mama ntilie, wakala wa pesa, muuguzi, mwalimu. Ni wangapi kati yao wanaomaliza siku bila kukabili hasira, hofu au aibu ya mtu? Matokeo yanayotumiwa kuipinga ndiyo yanayonishawishi zaidi kwamba kwetu inahitajika.

Hoja nzito zaidi ni ya mwanasosholojia Arlie Hochschild, aliyeonyesha mwaka 1983, kwa kuwatazama wahudumu wa ndege, kwamba tabasamu la mfanyakazi nalo huuzwa, na linamchosha. Mwajiri anayempeleka binti wa kaunta semina ya huduma kwa wateja, kisha akamgombeza mbele ya wateja haohao, amekosea wa kumpeleka semina. Aanze yeye, na ampe binti huyo ruhusa ya kukataa kumhudumia anayemtukana.