Ufunguo wa sefu unakaa wapi?
Habari ya James na Jennifer Crumbley wa Michigan imeniuma. Mtoto wao wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne mwaka 2021 kwa bastola aliyonunuliwa na baba yake, na mwaka 2024 wazazi wote wawili wakahukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Mahakamani ilielezwa kwamba kufuli ya waya iliyokuja na bastola ilikutwa haijafunguliwa hata pakiti.

Tusiseme hayo ni ya Marekani. Hata sisi tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na mwenye leseni anatakiwa atunze silaha yake mahali salama.

Sasa majumbani. Kuna nyumba Mbezi Beach nimeiona sefu ya chuma, imefungwa ukutani kwa boliti, safi kabisa. Ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, pamoja na wa gari! Wengine wanalaza bastola chini ya godoro, eti majambazi wakivamia hakuna muda wa kuhangaika na kufuli. Hofu hiyo naielewa, Dar tunavamiwa kweli. Lakini mchana mwenye bastola yuko dukani Kariakoo, na chumbani anayetandika kitanda ni dada wa kazi, watoto wakiwa pembeni.

Naliomba Jeshi la Polisi, mtu akija kuhuisha leseni aulizwe risasi anaziweka wapi na ufunguo anao nani, kisha askari afike nyumbani akaone mwenyewe.